Kutoka Kipupwe cha Dar Kuingia Julai ya Dubai: Jibu kwa Dada Anayesafiri na Mama Yake

Dada mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia kwamba wiki ya pili ya Julai atakwenda Dubai kwa siku sita pamoja na mama yake mwenye umri wa miaka 67 na mwanawe wa miaka minne. Watafikia hoteli iliyoko Deira, mtaa mkongwe wa Dubai, kwa kuwa likizo yake imeangukia wakati huo na bei za vyumba katika msimu wa joto zimeshuka sana. Mama ana presha, na kila asubuhi humeza amlodipini pamoja na hidroklorothiazidi, ile ambayo watu wengi huiita dawa ya kukojoa. Dada huyu ameuliza mambo matatu: je, mtu aliyezaliwa na kukulia Dar ana sababu ya kuliogopa joto la Dubai, afanye nini ili mama na mtoto wasidhurike, na je, waiache ile safari ya jangwani ambayo tayari wameionea hamu?

Nendeni, dada yangu, lakini msiende kwa imani kwamba mmelizoea joto. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwa wasafiri wa pwani yetu, na ni kosa la watu wenye akili timamu kabisa, kwa sababu hoja yao inaonekana haina dosari: sisi ni watu wa jua, tunatokwa na jasho mwaka mzima, joto litatufanya nini? Hoja hiyo inasahau kalenda. Julai kwetu ni kipupwe. Usiku mnajifunika shuka, mchana kipimo hakifiki nyuzi 30 kwa urahisi, na miili yenu imeshasahau fukuto la Februari. Mazoea ya mwili kwa joto hujengeka ndani ya wiki moja hadi mbili za kukaa kwenye joto lenyewe, na yakikosa kuchochewa hupotea baada ya wiki chache. Kwa hiyo mtakaposhuka kwenye ndege, nyinyi watatu mtakuwa wageni wa joto kama mtu aliyetoka Ulaya, na siku sita hazitoshi kuwafanya wenyeji.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu namna mwili unavyojipoza. Mwili una njia kuu mbili za kutoa joto lake. Ya kwanza ni kulisukuma hadi kwenye ngozi ili hewa iliyo baridi kuliko ngozi ilichukue. Ngozi huwa na nyuzi 35 hivi, kwa hiyo hata Dar ya Februari yenye nyuzi 32 au 33 bado inatupunguzia joto kidogo. Dubai saa nane mchana mwezi Julai hewa huwa na nyuzi 41 au zaidi, na hapo njia hiyo haizibi tu, bali inageuka: hewa ndiyo inayouongezea mwili joto. Inabaki njia moja, ambayo ni jasho. Jasho nalo hupoza pale tu linapokauka. Lile linalotiririka mgongoni na kulowesha shati limeuondolea mwili maji na chumvi bila kuupa ubaridi wowote. Kwa sababu hiyohiyo Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitegemewe joto linapopita nyuzi 40, maana feni katika hewa ya namna hiyo huwa inampulizia mtu joto.

Sasa shika hili, kwa sababu mpango wenu wote wa siku utatokana nalo. Dubai ina joto la aina mbili katika siku moja. Mchana, hasa ukiwa mbali kidogo na bahari au upepo unapovuma kutoka bara, joto ni kavu: jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hupoteza maji mengi huku akiamini kwamba hatoki jasho kabisa. Jioni upepo wa bahari unaposhika, unyevu hupanda, kipimo hushuka hadi nyuzi 33 au 34, na mgeni hufurahi kwamba sasa kumepoa. Hakujapoa. Ghuba ni bahari ya kina kifupi, wastani wake ni mita 35 hivi, na mwishoni mwa msimu wa joto maji yake hufika nyuzi 33 na zaidi, kwa hiyo upepo unaotoka huko hubeba mvuke kuliko upepo wowote mliouzoea pale ufukwe wa Koko. Jasho halikauki. Ukitoka dukani, miwani hufunikwa na ukungu papo hapo, na hiyo ndiyo ishara rahisi ya kukuonyesha uko katika joto la aina gani. Usiku wenyewe hautoi nafuu mnayoijua: mwezi Julai hewa ya Dubai mara nyingi haishuki chini ya nyuzi 30 hata alfajiri. Katika ukanda huohuo, huko Qurayyat nchini Oman, mwezi Juni 2018 ilipita siku nzima ya saa 24 bila kipimo kushuka chini ya nyuzi 42.6.

Kutokana na hayo, nawashauri mzifanye saa za katikati ya mchana kuwa saa za kulala. Msidhani ni ushauri wa daktari mwoga. Serikali ya Falme za Kiarabu yenyewe, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, inakataza kazi za nje chini ya jua kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Ikiwa fundi wa ujenzi mwenye miaka 25, ambaye amekaa huko miaka mitatu na mwili wake umezoea, anaamriwa ashuke kwenye jukwaa, basi bibi wa miaka 67 aliyewasili juzi hana haja ya kutafuta vitambaa Deira saa saba mchana. Tokeni mapema, kati ya alfajiri na saa mbili asubuhi, kisha tena baada ya jua kuchwa, ambako Julai ni saa moja na dakika kumi hivi jioni kwa saa za huko. Kumbuka kwamba saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kati ya nyakati hizo kaeni ndani: hotelini, kwenye maduka makubwa, kwenye metro. Masoko ya Deira hufunguliwa hadi usiku, na kuvuka Hori la Dubai kwa mashua ya abra, ambayo nauli yake ni dirhamu moja tu, ni kuzuri zaidi taa zikiwa zimewashwa. Jengo la jirani linaloonekana liko hatua chache tu lisiwadanganye. Mita 500 kwenye lami iliyopigwa na jua tangu asubuhi ni safari, na teksi za huko zina mita na kiyoyozi.

Sasa tuje kwa mama, maana yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Mtu akizeeka, tezi za jasho huchelewa kuanza kazi, moyo hushindwa kuongeza mwendo kama zamani, na kiu, ambayo ndiyo kengele ya mwili, hulia kwa sauti ndogo. Juu ya hayo kuna dawa zake. Hidroklorothiazidi inatoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, na joto linatoa maji na chumvi kwa njia ya jasho, kwa hiyo mlango mmoja uliokuwa wazi unakuwa miwili. Amlodipini inalegeza mishipa ya damu, na joto nalo linailegeza, matokeo yake ni miguu kuvimba jioni na kizunguzungu anapoinuka kitandani. Asiziache dawa hizo kwa uamuzi wake wala wako, kwa sababu presha isiyotibiwa ina hatari yake. Mpeleke kwa daktari wake wiki mbili kabla ya safari, mweleze anakokwenda na joto la huko, na muulize kama dozi ya hidroklorothiazidi inahitaji kurekebishwa kwa siku hizo sita. Chukueni mashine ndogo ya kupimia presha. Mfundishe kuinuka kwa vituo: akae kitandani dakika moja, ndipo asimame.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuliuliza, lakini nimeliona likiwaangusha wazee wengi. Mama wa umri huo mara nyingi ana maumivu ya magoti, na mkobani huwa na diklofenaki au ibuprofeni aliyonunua duka la dawa bila cheti. Dawa hizo zikikutana na mwili ulioishiwa maji na dawa ya kukojoa, zinaweza kuzidhuru figo ndani ya siku chache. Ziacheni nyumbani, na kwa maumivu atumie parasetamoli. Vilevile tramadoli na dawa zenye kodeini, zile dawa kali za maumivu, msizibebe kiholela kwa sababu yoyote ile. Katika Falme za Kiarabu dawa hizo zinadhibitiwa kisheria na zinahitaji kibali kabla ya kuwasili, na mtu anaweza kujikuta mikononi mwa polisi uwanjani kwa dawa aliyoinunua kihalali kwao. Dawa zote ziwe kwenye pakiti zake, ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari.

Kuhusu kunywa, usingoje mama aseme ana kiu. Mkiwa nje kwenye joto, kila mmoja wenu mtu mzima anywe bilauri moja kila baada ya dakika 20 hivi, kidogo kidogo, na mtoto anyweshwe mafunda machache kila mara. Msipitishe lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno bila chumvi huzimua chumvi ya damu, na mtu anayetumia hidroklorothiazidi yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Kama jasho limetoka sana, pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ni bora kuliko soda tatu, na mlo wa kawaida wenye chumvi yake hutosha kwa sehemu kubwa. Mkojo ndio kipimo chenu: ukiwa na rangi hafifu ni vizuri, ukiwa kama chai ya rangi mmechelewa. Unao pia ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, unaosema kwamba maji baridi yakinywewa wakati wa joto kali hupasua mishipa. Si kweli. Maji baridi ni salama na husaidia kushusha joto la mwili. Mpe mama yake baridi kama anavyopenda.

Naomba sasa unisikilize kwa makini, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayookoa maisha. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika chumba cha dharura upande ule wa Ghuba. Alasiri moja aliletwa mzee wa miaka sabini na ushei, mwenyeji wa Pangani, aliyekuja kumtembelea binti yake. Alitoka msikitini baada ya Adhuhuri, akaamua kupita dukani kununua vocha, akapotea mitaa miwili. Alipopatikana alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kanzu yake kavu, mikono imetulia mapajani. Binti alipomuuliza alikuwa akifanya nini pale, alimjibu kwa upole kabisa kwamba anasubiri pantoni avuke kwenda Bweni, ng'ambo ya mto huko kwao Pangani. Familia ilidhani ni uchovu na utani wa kizee. Walimweka garini kwenye kiyoyozi, wakampa vidonge viwili vya parasetamoli, wakambembeleza anywe maji, wakawasubiri ndugu wengine ili waje wote pamoja. Nilipomgusa shingo, ngozi ilikuwa kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na kipimo cha ndani kilisoma nyuzi 41.3. Alipona, ila figo zake zilichukua wiki mbili kurudi, na muda uliopotea ulikuwa robo tatu ya saa.

Lile jibu la pantoni ndilo lililokuwa dalili. Uchovu wa kawaida wa joto humfanya mtu awe na jasho jingi, kichefuchefu, kichwa kuuma, miguu kulegea, lakini akili yake iko palepale. Mtu huyo akilazwa mahali pa baridi, miguu ikainuliwa, akapewa ORS, hupata nafuu ndani ya nusu saa. Akili inapoyumba, yaani mtu anapojibu mambo yasiyohusika, anapokuwa mkali bila sababu, anapoyumba kama mlevi au anapoanguka kifafa, hicho ni kiharusi cha joto, yaani joto limeuzidi mwili, si kile cha kupooza, hadi ithibitike vinginevyo, awe na jasho au asiwe nalo. Muulize mama maswali matatu: tuko mji gani, hoteli yetu inaitwaje, leo ni siku gani. Akikosea, mmoja apige simu namba 998, ambayo ni ya gari la wagonjwa, na mwingine aanze kumpoza pale pale bila kungoja gari lifike.

Kumpoza ni hivi: mwingizeni kivulini au ndani, mpunguzieni nguo, mwagieni maji mwili mzima, maji yoyote yaliyo karibu, kisha mpepeeni kwa nguvu na chochote mlicho nacho bila kuacha. Katika hewa ya ndani yenye kiyoyozi njia hiyo hufanya kazi vizuri sana, kwa sababu maji yanakauka. Barafu ya dukani ifungwe kwenye kanga na iwekwe shingoni, makwapani na kinenani. Msimpe kitu chochote cha kunywa kama akili yake haiko sawa, maana kitaingia kwenye mapafu, na msimpe parasetamoli. Joto hili si homa. Katika homa ubongo umeamua kupandisha kiwango na parasetamoli inauomba ukishushe, lakini hapa ubongo haujaamua chochote, umezidiwa, na dawa hiyo haitasaidia kitu. Kata pia bima ya safari kabla hujaondoka, kwa kuwa gharama ya hospitali huko ni kubwa.

Mtoto wa miaka minne ana shida nyingine. Mwili wake hupata joto mara tatu hadi tano haraka zaidi kuliko wa mtu mzima, na urefu wake unamweka karibu na lami. Usifunike kigari chake kwa kanga ukidhani unampa kivuli, kwa sababu hewa ya ndani haitembei na joto hupanda upesi, tumia mwavuli. Bembea na mteremko wa chuma katika bustani, pamoja na kifungo cha mkanda wa gari, viguse kwanza kwa kiganja chako. Na kamwe asiachwe garini, hata kwa muda wa kulipia dirishani, hata kioo kikiwa wazi kidogo: gari lililofungwa juani huongeza nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za mwanzo. Vipele vidogo vya harara akivipata, mwogeshe maji ya baridi, mkaushe vizuri, mwache na nguo nyepesi. Mafuta mazito huziba ngozi na kuvizidisha.

Kuhusu kumwogesha, jiandae kwa kitu kitakachokushangaza. Mkifika nyumba ya ndugu badala ya hoteli, bomba la baridi mchana linaweza kutoa maji ya moto, kwa sababu matangi yako juu ya paa. Wenyeji huzima hita ya bafuni msimu mzima wa joto. Maji yaliyokaa ndani ya tangi la hita, katika nyumba yenye kiyoyozi, ndiyo yanayokuwa ya baridi, na hutoka kwenye bomba lenye alama nyekundu. Nguo ziwe pana na za pamba. Kama mama huvaa baibui, asilivue kwa ajili ya weusi wake. Likiwa pana na kitambaa chepesi, hewa hupita chini yake. Mbebee pia sweta au mtandio mzito, maana ndani ya maduka kuna baridi ya kweli.

Mwisho ni jangwa. Safari nyingi za watalii huwachukua wageni alasiri, wakati mchanga bado unachoma, kisha gari huruka vilima kwa kishindo. Hiyo simpi mama mwenye presha wala mtoto wa umri huo. Lakini sioni sababu ya kuwanyima jangwa lenyewe. Kodini gari lenye dereva, mwondoke hotelini saa kumi na nusu alfajiri, mkalikute jua likichomoza saa kumi na moja na dakika arobaini hivi. Mbali na bahari hewa ya saa hizo mara nyingi ni kavu kuliko ya Deira, jasho linakauka, na mchanga umepoa kiasi cha mtoto kuukimbilia, ingawa ningempa viatu vinavyofunika mguu mzima. Mama akae kwenye kiti cha kukunja karibu na gari, injini na kiyoyozi vikiwaka, chupa ya maji mkononi. Mwambieni dereva mapema kwamba saa moja na nusu mnageuza, na muwe hotelini kwa kifungua kinywa.